Pacha Haliliwi

Jina langu ni la pacha wa pili. Silitaji hapa, lakini Msukuma yeyote akilisikia, hata kabla hajanikaribisha kiti, atauliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na karani wa benki nikiwa bado najaza fomu. Kwa miaka arobaini na kitu jibu langu lilikuwa moja, na nililitoa kwa sauti ya kumfungia mtu mlango: "Alikufa. Tulikuwa wachanga. Lingine?"

Nina hasira za karibu, sikatai. Mama yangu anasema nilizaliwa nikilalamika na mpaka leo sijamaliza. Ndiyo maana watu walicheka niliposema nakwenda kusomea ushauri nasaha. Shangazi yangu aliuliza, "Wewe? Utamshauri nani na mdomo huo?" Nikamwambia nitaanza na yeye.

Nilisoma, nikafaulu, nikapangiwa kituo cha afya njia ya kwenda Dutwa. Chumba walichonipa kilikuwa stoo ya vyandarua, na hata nikipige deki mara ngapi, kiliendelea kunuka dawa ya mbu. Kilikuwa na meza, viti vitatu vya plastiki, na dirisha lisilofunga vizuri. Chini ya dirisha hilo, upande wa nje, kuna benchi wanapokaa akina mama siku ya kliniki ya watoto. Niliomba lihamishwe kwa ajili ya usiri wa wateja. Niliomba kwa barua, nikaomba kwa mdomo, nikachoka.

Nadharia nilikuja nazo begi zima. Ya kwanza niliyoipenda ni ile inayosema mteja ndiye anayeijua njia yake. Wewe kaa, sikiliza, usimhukumu, mrudishie maneno yake ili ajisikie mwenyewe. Niliijaribu kwa mzee mmoja mfugaji ambaye watoto wake walikuwa wamemtelekeza.

"Kwa hiyo unajisikia umeachwa," nikamwambia.

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Ndiyo. Na unasema inakuuma."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nimetembea tangu alfajiri uje unirudishie maneno yangu? Kaa nayo, mimi nayajua." Akachukua fimbo yake akaondoka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, lakini somo niliondoka nalo. Mtu wetu akija kwa mshauri anataka ashauriwe, basi.

Ile ya fikra ilinifaa zaidi. Mtu aliyeanza dawa za kudumu anakuja na wazo moja kichwani, kwamba ameshakufa. Mnalishika hilo wazo, mnalihoji kama shahidi muongo, na baada ya wiki kadhaa anaanza tena kupalilia shamba lake. Kuna ya kuchimba utotoni, ambayo inataka muda, na wateja wangu wameacha ng'ombe njiani. Kuna ya familia, inayosema uliyeletewa ni yule tu aliyetangulia kuonyesha dalili, ugonjwa wenyewe uko kwenye kaya nzima. Na kuna ya kiti kitupu. Mteja ana neno na mtu asiyekuwepo, labda marehemu, labda baba aliyetoroka. Unaweka kiti mbele yake, unamwambia, huyo hapo, sema naye. Chuoni tuliifanyia mazoezi sisi kwa sisi. Niliona watu wazima, wake kwa waume, wakilia makamasi yakiwatoka, halafu wakaenda kula wali wakiwa wepesi. Nikasema, hii ndiyo yangu.

Zamu yangu ya kukaa mbele ya kile kiti ilipofika, nilisema sina mtu wa kumweka. Mwalimu wetu akaniangalia juu ya miwani. "Kila mtu ana mtu," akasema. "Siku utakapomfungua mteja kidonda, angalia kwanza kama si chako." Nikaona anajifanya mjuaji. Jamani, kichwa kigumu ni mzigo.

Siku moja ya kliniki, muuguzi wa watoto aliingia chumbani kwangu na mwanamke wa kama miaka ishirini na mitano, mtoto mgongoni. Akaniwekea kadi ya mtoto mezani. Mstari wa uzito ulikuwa umepanda vizuri miezi minne, halafu ukavunjika ukashuka mpaka kwenye nyekundu. Walizaliwa pacha, muuguzi akaniambia, wa kiume na wa kike. Wa kiume alikufa kwa kifua wiki tatu zilizopita. Aliyebaki ndiye huyu mgongoni.

"Na huyu anaondoka," akaninong'oneza. "Mama ananyonyesha, nimemwona kwa macho yangu, lakini mtoto hashibi. Nimesema waende wodini Bariadi, mama mkwe amekataa katakata, anasema ndiko alikokwenda mwenzake hakurudi. Na mama mwenyewe haongei. Fanya kitu, dada. Wiki ijayo uzito ukishuka tena, sijui."

Alipotoka nikamwangalia yule mtoto. Alibaki macho matupu. Alikuwa halii, na mtoto wa miezi mitano asiyelia anatisha kuliko anayelia.

Nikamsalimia mama yake kwa Kisukuma, nikamuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mume. Mume alikuwa amehamisha ng'ombe kwenda malishoni Meatu. Hayo alinijibu kwa neno moja moja, akitazama sakafu. Nilipomtaja marehemu, akafunga kabisa. Nilikaa naye kimya, kama nilivyofundishwa. Nje ya dirisha nikamsikia mama mkwe wake akikohoa kwenye benchi.

Sasa nikwambie ukweli: nilijua kwa nini haongei. Sikuhitaji kusomea chuoni. Kwetu pacha akifa haliliwi. Hakuna kilio, hakuna matanga, jina lake halitajwi kwa sauti. Kumlilia ni kumwita, na akiitwa haji kukaa, anakuja kumchukua mwenzake. Hayo nimekua nayo. Mama yangu hakuwahi kumlilia mwenzangu hata siku moja, na mimi nilikua nikimwona mama yangu kama mtu mwenye jiwe kifuani. Mila hiyo niliichukia. Niliichukia kabla sijajua kusoma, na chuo kilinipa tu maneno ya kuichukia vizuri: huzuni iliyozuiwa, machozi yaliyofungiwa, mwili unakataa, maziwa yanakauka. Ilinikaa sawasawa kichwani. Akilia, atafunguka. Akifunguka, maziwa yatashuka. Mtoto atapona.

Alipokuja mara ya pili, nikavuta kiti cha tatu nikakiweka mbele yake. Nikatoa kanga yangu, nikaikunja, nikailaza juu ya kiti kama mtoto aliyelala.

"Huyo ni mwanao," nikasema. "Mwite. Mwambie lililoko moyoni."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hairuhusiwi," akasema.

"Hapa inaruhusiwa. Humu ndani hakuna mila. Ni mimi na wewe tu."

Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko sala. Humu ndani hakuna mila! Nani aliniambia? Aligeukia kiti. Akaita jina la mtoto wake polepole, halafu kwa nguvu, kama mtu anavyomwita mwenzie aliye ng'ambo ya shamba. Kisha kikatoka kilio ambacho sijawahi kukisikia chuoni. Aliteremka kitini, akaishika ile kanga, akalia mpaka yule mdogo mgongoni akaanza kulia naye. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Machozi yalikuwa yananitoka nikajiona nafanya kazi nzuri.

Kisha nikagundua kwamba kwenye benchi pale nje akina mama wote wamenyamaza. Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe alisimama kizingitini, mwanamke mfupi mkavu, viatu mkononi.

"Umemwita?" akamuuliza mkwewe.

Mama mkwe akamfungua mtoto mgongoni mwa mkwewe, akamfunga mgongoni kwake mwenyewe, akatoka.

Kesho yake mtoto akapata homa. Ni malaria, alipimwa hapohapo kituoni, akapewa dawa, homa ikashuka. Lakini nani angewaambia watu wale kwamba ni malaria tu? Jana ameitwa mwenzake, leo mwili unawaka. Muuguzi akaniletea mengine. Mama wa mtoto sasa hataki hata kumgusa. Anasema mikono yake imeita kifo. Bibi anamnywesha mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, anahara. Uzito umeshuka tena.

"Ulimfanyia nini?" akaniuliza.

Nilikosa jibu, na mimi nikikosa jibu huwa nakasirika. Nikapanda bodaboda mpaka kwao. Kaya imezungushiwa minyaa, nyumba mbili na zizi tupu. Mama mkwe alikuwa anaanika michembe juu ya turubai. Sikumsalimia sawasawa, nilianza tu. Nikamshika na nadharia ya fikra, wazo kwa wazo. Malaria inaletwa na nini? Kuna ushahidi gani kwamba machozi yanaleta homa? Watoto wangapi wameugua hapa kijijini mwezi huu bila mtu kulia? Nilihoji vizuri sana. Mahakamani ningeshinda.

Yeye aligeuza vipande vyake vya viazi, kimoja kimoja, mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza, "Unaitwa nani?"

Nikamtajia jina.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Alikufa. Tulikuwa wachanga."

"Mama yako alilia?"

Nikaangalia michembe.

"Hakulia," akasema. "Ndiyo maana ukakua, ukasoma, ukaja kunipigia kelele kwenye mji wangu. Na huyu wa kwangu unataka aende. Ondoka, mwanangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini usijifunzie kwa mjukuu wangu."

Nililia njiani, kwenye bodaboda, upepo ukiyapeleka machozi masikioni. Nilimlilia nani, sijui. Mtoto alikuwa anakufa, na mimi ndiye niliyemtoa mikononi mwa mama yake.

Jumamosi nikaenda Maswa kwa mama. Nilimkuta barazani akichambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule. Macho yake siku hizi ni mabaya lakini vidole vinajua. Nikakaa chini, nikamsaidia kidogo, halafu nikashindwa kusubiri.

"Mayu, ulimlilia mwenzangu?"

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi mwambie huyo hakuna, pacha haliliwi."

Hasira ikanipanda. "Kwa hiyo alikuwa paka? Amekufa, mmefukia, mmeendelea kupika?"

Mama akanitupia pamba usoni, konzi nzima. "Koma! Usiseme hivyo tena."

Nilidhani amemaliza. Akaanza kuongea akiitazama pamba, kama anaongea nayo.

"Mwenzako alikuwa kulia, wewe kushoto. Kila mmoja na lake, pacha hawanyang'anyani. Alipokufa, titi halikujua kama amekufa. Likajaa. Likavimba mpaka kwapani. Wewe unalia njaa, na mimi sikupi. Ningekupaje? Ni la mwenzako. Ningekuwa namwibia mtoto wangu mwenyewe, na amekufa, hawezi kusema."

"Siku ngapi?"

"Nyingi. Ulikonda ukabaki kichwa. Mama yake baba yako ndiye aliyeniuliza, 'Hilo linalovimba ni la nani?' Hakuniuliza sijui najisikiaje. Akakuchukua, akakuweka kulia, akasema, 'Nyonya. Mwenzako amekuachia.' Ukanyonya. Basi, hadithi yenyewe ndiyo hiyo, niache nifanye kazi."

Hakulia. Lakini niliona ameitupa pamba safi upande wa fifi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Sikumwambia. Nilisubiri aingie ndani nikaitoa.

Nilirudi kwenye ile kaya Jumatatu, na sukari kilo mbili na mche wa sabuni, maana mkono mtupu haulambwi. Safari hii nilisalimia. Nilipiga magoti kwenye udongo, mtu mzima na cheti changu, nikasema, "Mwadila, mayu," nikabaki chini mpaka alipoitikia. Ilichukua muda. Nikasema, "Nilikosea. Nilimwita mtoto wenu, na sikuwa na ruhusa ya kumwita. Sikuja kubishana. Naomba kumuuliza mkweo jambo moja, wewe ukiwepo, kisha naondoka."

Alinipima. "Moja," akasema.

Mkwewe alikuwa amekaa mbali karibu na wigo, mikono ameificha chini ya kanga. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka upande huu. Sijui niseme amelala au amelegea. Nikamwendea mama yake kwa magoti vilevile.

"Mwanao wa kiume alikuwa ananyonya titi lipi?"

Mkono ukatoka chini ya kanga, ukashika upande wa kushoto.

"Bado lina maziwa?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Unayapeleka wapi?"

Aligeuza uso kuelekea kona ya wigo, pale minyaa ilipokatwa kidogo, penye udongo uliosawazishwa usiokuwa na alama yoyote. Ndipo walipomzika. "Kila asubuhi," akasema taratibu. "Nasema nakwenda kuni. Na yule pale naye ana njaa. Kumlilia hairuhusiwi, lakini kumnyonyesha hakuna aliyenikataza."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake.

"Nilikuwa naona sisimizi pale," akasema. "Wengi. Nikawa namwaga majivu."

Nadharia zote nilizokuwa nazo, wiki zote zile, na sikuuliza swali ambalo bibi yangu asiyejua hata kusaini aliliuliza kwanza. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Mimi niliuliza ya moyoni, na mtoto alikuwa anakufa kwa njaa ya kifuani.

Yule bibi akamwinua mjukuu wake kwenye mkeka, akaenda akakaa ubavuni kwa mkwewe, wakagusana mabega. Mkwewe akajivuta. "Mama, mikono yangu—"

"Sitaki mikono yako," akasema. "Nataka titi. Mikono ninayo."

Akamshika mtoto mwenyewe, akamweka upande wa kushoto. Mtoto aligeuza kichwa, akakataa. Akamrudisha. Akakataa tena, akatoa sauti ndogo ya kuchoka. Mara ya tatu bibi akakamua kidogo kwenye mdomo wake, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayemwagiza mtoto dukani, maneno yaleyale ya bibi yangu, ambayo sikumsimulia. Nyonya. Mwenzako amekuachia. Nikasikia mtoto anameza.

Mama yake aliangalia mbele tu. Baada ya muda mkono mmoja ulitoka chini ya kanga ukashika unyayo wa mtoto.

Sitaki kudanganya kwamba niliponya mtu. Aliyefanya kazi siku ile ni bibi yule, na kabla yake bibi yangu. Mtoto alipanda gramu chache wiki ya kwanza, wiki ya pili akashuka kidogo, kuhara kulikuwa bado, nikawa silali. Wiki ya tatu mstari ukageuka. Muuguzi alinionyesha kadi. Kiti cha tatu nilikitoa chumbani, nikampa yeye akalie anapopima uzito. Nadharia yenyewe sijaitupa, imesaidia wengine. Ila siku hizi kabla ya kumwambia mtu "mwite," nauliza kwao nani ana ruhusa ya kuita.

Mwanamke yule hakuingia tena chumbani kwangu. Alikuwa anakuja kliniki na kukaa benchini chini ya dirisha, na mimi nilimwona kisogo tu. Siku moja nikatoka, nikakaa karibu naye. Mtoto alikuwa amenona mashavu, anavuta hereni ya mama yake.

"Nisamehe," nikamwambia.

"Ulijua kama hairuhusiwi?"

"Nilijua."

Akafikiri. Hakusema amenisamehe, na sijui kama amesamehe mpaka leo. Alimhamisha mtoto kutoka titi la kulia kwenda la kushoto, akamfunika kwa kanga.

"Mama anasema wewe ni wa pili," akasema. "Mwenzako yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nitoe jibu langu la siku zote. Halikuja.

"Alikuwa upande wa kulia," nikasema. "Aliniachia."